Mbao za Meza ya Useremala na Ukuta wa Vyombo: Shauri kwa Watu wa Migori na Homa Bay



Nataka kusema nanyi leo juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo, nalo ni meza ya kufanyia kazi ya useremala nyumbani, pamoja na ukuta wa kutundikia vyombo vyake. Nasema hasa na watu wa Migori na Homa Bay, kwa kuwa mbao zifaazo Nakuru au Mombasa si lazima zifae kando ya Ziwa, na mchwa wa Karachuonyo hawana habari za vitabu vya useremala vilivyoandikwa Ulaya.

Kila mwaka vijana hutoka katika vyuo vya ufundi, vile vilivyoitwa zamani politekiniki za vijiji, ambavyo tangu mwaka 2013 vimo mikononi mwa serikali za kaunti. Wajua kupiga randa, wajua kuchonga ulimi na tundu lake. Wengine hurudi kwao na vyombo vyao wenyewe: msumeno, randa, nyundo, keekee, patasi mbili tatu. Lakini arudipo nyumbani, kijana huyo huvitia vyombo katika gunia, na gunia husukumwa chini ya kitanda. Kazi yenyewe huifanya chini penye vumbi, ubao ameukanyaga kwa mguu. Baada ya masika mawili randa imeshika kutu, meno ya msumeno yamegongana na patasi, na mpini wa nyundo umeliwa na mchwa. Ndipo kijana asemapo kwamba useremala haulipi, akaviuza vyombo kwa bei ya chuma kikuukuu, akaenda kuendesha pikipiki ya mtu mwingine.

Ubao uliokanyagwa kwa mguu hauwezi kunyooka. Randa hufuata kile kilicho chini ya ubao. Ikiwa chini pana mwinamo, mwinamo huo utahamia katika mlango, na mlango utakataa kufungika. Mwenye nyumba hatamwita fundi huyo mara ya pili. Ataupanda motokaa mpaka Kisii au Kisumu anunue mlango uliokwisha tengenezwa, na fedha hizo zitakuwa zimetoka kijijini. Kwa hiyo meza ya kazi ni chombo cha kwanza cha seremala, hata kabla ya msumeno, ingawa dukani hakuna anayekuambia hivyo, maana duka huuza misumeno.

Sasa, meza hiyo yataka mambo matatu: iwe nzito, iwe nyofu, na mbao zake ziwe kavu. Uzuri wa rangi hauna kazi hapa. Nimeona watu waliotumia fedha nyingi kwa mbao nyekundu ziitwazo mahogani (na jina hilo hupewa mbao nyingi nyekundu zitokazo Uganda na Kongo, ziwe mahogani ya kweli au zisiwe), kisha meza ikapindika kama mtumbwi kwa sababu mbao zilinunuliwa mbichi. Mtu akiniuliza achague nini kati ya ubao mzuri ulio mbichi na ubao hafifu ulio mkavu, nitamjibu bila kusita achukue ule mkavu.

Basi na tuanze na ukavu, kwa maana hapo ndipo wengi hupoteza fedha. Mti uliokatwa karibuni waweza kuwa na maji mengi sana, hata sehemu 60 au zaidi kwa kila sehemu 100 za uzito wa ubao mkavu. Maji hayo yatokapo, ubao hupungua upana, nao haupungui sawasawa pande zote. Ndiyo sababu hupinda na kupasuka. Ubao wa mkaratusi wenye upana wa inchi 12 waweza kupungua nusu inchi au zaidi kabla haujatulia. Mezani twataka ubao uliobakiwa na sehemu 12 hadi 15 tu.

Utajuaje? Wenye viwanda wana mashine ndogo za kupimia, lakini mizani ya duka yatosha. Kata kipande kidogo cha ubao, wala usikikate penye ncha, kwa kuwa ncha hukauka upesi na kukudanganya; kikate hatua moja ndani. Kipime. Tuseme kina gramu 600. Kiweke mahali pa joto juu ya jiko, mbali na ndimi za moto kisije kikaungua, ukipime kila siku mpaka uzito ukome kupungua. Kikibaki gramu 500, maji yalikuwa gramu 100, yaani sehemu 20 kwa 100. Ubao huo bado. Upange ukauke.

Kupanga mbao nako ni kazi. Zisilale juu ya ardhi, wala zisisimamishwe zikiegemea ukuta juani, kama ionekanavyo mara nyingi kando ya barabara. Tengeneza jukwaa la mawe lenye kimo cha futi moja na nusu, chini ya paa, mahali upepo upitapo. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vyenye unene wa inchi moja, kila baada ya futi mbili, na kila kijiti kikae juu ya mwenziwe kwa mstari mmoja wima. Vijiti vikikaa ovyo, ubao utachukua umbo la wimbi. Ncha za mbao zipakwe rangi yoyote iliyobaki, ili maji yasitoke hapo kwa haraka na kuzipasua. Juu ya yote weka mawe mazito. Kanuni ya wazee wa kazi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Katika joto letu mbao laini za inchi moja hukauka kwa miezi michache, lakini kwa mbao ngumu na nene yafaa kuiheshimu kanuni hiyo.

Sasa miti yenyewe.

Mvule, ambao Wajaluo huuita olua, ndio mfalme. Kiini chake hakiliwi upesi na mchwa, hakipindi sana, nacho kina uzito wa kilo 650 hivi kwa kila mita moja ya ujazo. Wajenzi wa mashua za Ziwa Victoria waliupenda kwa sababu hizo hizo. Lakini yapo mambo mawili ambayo muuzaji hatakuambia. La kwanza, ndani ya mvule mara nyingine mna mawe, mawe ya kweli yatokanayo na chokaa iliyokusanyika katika mti ulipokuwa hai. Msumeno ukikutana nalo moja, meno yamekwisha. La pili, vumbi lake huwasha ngozi na kuumiza kifua, kwa hiyo afanyaye kazi nao ajifunge kitambaa puani. Tena ubao mweupe wa nje, ulio karibu na ganda, hauna nguvu ile ya kiini, na mchwa huula kama ubao mwingine wowote. Mivule imekuwa adimu na bei yake si ya mtu wa kawaida. Mimi sioni haja ya kuukata mvule wa babu kwa ajili ya meza ya kugongea nyundo.

Siala ni shauri bora zaidi kwa wengi wetu. Mti huu huota vizuri katika sehemu hizi, hukatwa ukachipuka tena, na watu tangu zamani wameutumia kwa nguzo za nyumba kwa kuwa mchwa hawaupendi. Kasoro yake ni kwamba haunenepi sana, hivyo ni shida kupata ubao mpana. Kasoro hiyo haituzuii, kama nitakavyoeleza. Kwa miguu ya meza sijui mti wa nyumbani unaoupita.

Grevilea, uliotoka Australia, umepandwa katika mipaka ya mashamba mengi, hasa sehemu za juu za Rongo na Kuria. Ubao wake una michoro ya kupendeza, wapigika randa vizuri, na uzito wake ni wa wastani. Kwa uso wa meza wafaa. Kwa miguu haufai, maana mchwa hawana ugomvi nao.

Mkaratusi, au blugamu, ni mgumu na mzito, nao upo kila mahali. Wenye subira waweza kupata meza imara kwao. Lakini katika kukauka hakuna mti wenye hasira kama huu: hupasuka, hujinyonga, na hapo ulipodhani umetulia hupasuka tena. Ukiutumia, utumie kwa vipande vyembamba vilivyokauka mwaka mzima, na misumari usiigonge bila kutoboa tundu kwanza. Kuna vipande vya mkaratusi ambavyo sitaki mtu avichukue hata akipewa bure, navyo ni vile vikatwavyo kutoka nguzo za umeme zenye rangi ya kijani. Nguzo hizo zimetiwa dawa yenye sumu, na vumbi lake likivutwa puani, au takataka zake zikichomwa jikoni, zaweza kudhuru watu wa nyumbani.

Mbao za saiprasi na paini huletwa kutoka misitu ya nyanda za juu. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ilizuia ukataji katika misitu ya umma, bei ikapanda. Julai 2023 Rais akatangaza kuondolewa kwa katazo, na jambo lenyewe likapelekwa mahakamani. Mbao hizi ni laini na nyepesi. Hazifai kuguswa na udongo, lakini fundi asiye na kitu kingine aweza kuzitumia kwa uso wa meza, akijua kwamba uso huo utachubuka na kutaka kupigwa randa kila baada ya muda.

Na tusisahau mbao kuukuu. Jengo la duka la zamani likibomolewa, milango na maboriti yake yamekauka kwa miaka mingi kuliko utakavyoweza kungoja wewe. Enenda ukaulize bei mapema. Ila chunguza kila tundu kwa sumaku, kwa sababu msumari mmoja uliojificha waharibu randa. Mbao za mashua iliyokufa huko Mbita au Sori ni tamaa nyingine. Nazo zimejaa misumari kuliko samaki, na mimi huziacha zilipo.

Nilisema kwamba wembamba wa siala si kizuizi. Uso wa meza hauhitaji ubao mpana hata mmoja. Katika maghala ya mbao kuna kipimo kijulikanacho na wote, yaani mbili kwa tatu. Chukua vipande 13 vya kipimo hicho, kila kimoja cha futi 6. Visimamishe kwa ubavu, vipake gundi nyeupe ya seremala, vibane pamoja kwa bolti ndefu tatu zilizopenya upande mpaka upande. Vikisha kupigwa randa, utapata uso wa futi 6 kwa 2, wenye unene upatao inchi 3, wala hautapinda upesi, kwa kuwa kila kipande humzuia jirani yake. Wote ni futi 78 za mbao. Uso huo wa saiprasi wapata kilo 40 hivi. Wa mvule wapata kilo 55. Tofauti hiyo ya kilo 15 usiinunue kwa fedha. Weka rafu chini ya meza, upange mawe juu yake. Mawe ya Migori ni ya bure.

Miguu iwe ya inchi 4 kwa 4, nayo iunganishwe kwa ulimi na tundu, au kwa bolti na nati ambazo zaweza kukazwa tena kiangazi kikija na mbao kunywea. Misumari mitupu katika miguu haidumu. Kila randa isukumwapo meza hutikisika, na misumari hutoka kidogo kidogo. Kimo cha meza kipimwe kwa mwili wa mtumiaji mwenyewe: simama wima, mikono ikining'inia, kisha kunja kiganja kiwe sambamba na ardhi. Uso wa meza ufike hapo. Meza ya baba mrefu humchosha mwana mfupi, na mke wa nyumba akiwa ndiye fundi, kama walivyo wengine siku hizi, basi kipimo ni chake.

Kuhusu mchwa, kila mguu ukae juu ya jiwe bapa au tofali la saruji, na kati ya jiwe na mguu uweke kipande cha bati kilichotokeza pande zote kama ukingo wa kofia, kingo zake zikiinamishwa chini. Bati haliwaui mchwa. Huwalazimisha wapite nje yake, ambapo utaiona njia yao ya udongo na kuivunja kwa kijiti kila Jumamosi. Watu wengi hupaka miguu mafuta machafu ya motokaa. Mafuta hayo hunuka, huchafua kila ubao uletwao mezani, na nguvu yake hupotea. Mahali penye udongo mweusi upasukao wakati wa kiangazi, chimba kidogo, ujaze kokoto chini ya kila jiwe, la sivyo meza itakuwa na miguu mitatu kila mwezi wa Februari.

Wengi huuliza habari za jiliwa, ambalo mafundi huliita vaisi. Ni kitu kizuri, lakini ni ghali. Mhunzi yeyote wa jua kali aweza kukupindia fimbo ya chuma yenye unene wa robo tatu ya inchi, iwe na shingo kama ya korongo. Toboa tundu mezani, tia mguu wa chuma, gonga kichwa mara moja, ubao umeshikwa. Uugonge kwa nyuma, nao waachiliwa. Hiyo yatosha kwa miaka ya kwanza.

Sasa nakuja kwenye ukuta wa vyombo, na hapa habari zabadilika kabisa, kwa sababu ukuta haubebi uzito mkubwa. Randa ya chuma ni kilo 2 hivi. Basi mbao za bei nafuu zaruhusiwa, mradi ziwe kavu. Chuma kikilala juu ya ubao mbichi kitashika kutu hata ndani ya kabati.

Kwanza tazama ukuta ulio nao. Katika nyumba ya fito na udongo usigonge msumari katika udongo, utaanguka na patasi pamoja. Simamisha nguzo mbili za siala mbele ya ukuta, miguu yake juu ya mawe, vichwa vyake vifungwe kwenye boriti ya paa, na mbao zipigiliwe juu ya nguzo hizo. Katika nyumba ya mabati fanya vivyo hivyo, kwa maana bati likitobolewa huvuja, na alfajiri hutoa jasho lidondokalo juu ya misumeno. Ukuta wa matofali au mawe waweza kutobolewa, lakini hapo pia acha nafasi ya inchi moja kati ya ukuta na mbao ili hewa ipite.

Mbao za inchi moja zilizopangwa zikiachana kidogo zafaa sana. Wapendao plaiwudi wachukue yenye unene wa milimita 18, na kabla ya kulipa waombe kipande kidogo wakichemshe katika sufuria kwa saa kadhaa. Matabaka yakiachana, plaiwudi hiyo haiwezi kukaa karibu na Ziwa. Mbao zile zilizotengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa hunywa unyevu zikavimba, na skrubu hutoka kama jino bovu. Sizishauri.

Namna ya kutundika nipendayo ni hii. Ubao mrefu hupasuliwa kwa urefu kwa mshazari wa nyuzi 45. Nusu moja hupigiliwa ukutani, mshazari ukitazama juu na ndani. Nusu ya pili hukatwa vipande, na kila kipande hufungwa nyuma ya kishikizo cha chombo kimoja, mshazari ukitazama chini. Kishikizo hukaa kwa uzito wake mwenyewe, nawe waweza kukihamisha bila kung'oa msumari. Vishikizo vyenyewe hutengenezwa kwa masalio ya mbao ngumu. Patasi zikae juu, mbali na mikono ya watoto, makali yakiwa ndani ya ala ya mbao. Chora kwa rangi umbo la kila chombo pale kinapotundikwa; jioni jicho moja latosha kuona kilichokosekana, na aliyeazima hukumbukwa siku ile ile.

Panga vyombo vyote juu ya futi 3 kutoka sakafuni, hasa ninyi mkaao karibu na maji. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kupita hata kiasi cha mwaka 1964, na mto Kuja umewatoa watu wa Nyatike majumbani mwao mara nyingi. Maji hayabishi hodi, nawe utakuwa unawatoa watoto, hutakuwa na nafasi ya kutafuta gunia chini ya kitanda.

Kutu huzuiwa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, kikipitishwa juu ya chuma kila jioni. Mafuta ya kupikia yasitumiwe, maana huganda yakawa kama gundi.

Kabla ya kukata mti wako na kuupasua mbao, uliza kwanza ofisi ya Huduma ya Misitu ya Kenya iliyo karibu nawe. Kusafirisha mbao bila kibali kwaweza kukugharimu kuliko mbao zenyewe.

Nani aanze lini? Mbao zikinunuliwa Desemba au Januari, zapata kiangazi cha kwanza kabla mvua za Machi hazijaanza. Zikae zimepangwa chini ya paa masika yote, zipimwe kwa mizani mwezi wa Julai, na zilizo tayari zipigwe randa Agosti. Meza iwe imesimama kabla ya mvua za vuli. Zilizo nene zikiwa bado na maji, na zingoje mwaka wa pili. Mwenye haraka aanze na ukuta, kwa kuwa ukuta haungoji mbao nene kukauka: mbao chache kavu na skrubu zikipatikana, vyombo vyaweza kutoka guniani juma hili hili.